Yule mzee wako wa majaruba

Dokta wangu,

Barua imenifikia pamoja na mchele. Mchele tumeshaumaliza, sasa nijibu barua.

Huyo mzee wa miaka 58 usimwache. Umempa prazikwanteli, dawa ya kichocho, damu kwenye mkojo ikakata, sasa imerudi. Najua huko kwenye mpunga kila mkojo mwekundu huitwa kichocho, na kwa mtoto wa shule sina ubishi. Lakini mtu wa miaka 45 kwenda juu anayekojoa damu bila UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), au aliyetibiwa UTI na damu bado ipo, ni wa rufaa ya haraka, hasa kama haumwi popote. Hata ukiona mayai ya kichocho kwenye darubini, saratani hujaiondoa. Kichocho cha miaka mingi chenyewe huleta saratani ya kibofu. Na damu kukata kusikulaze: uvimbe wa figo huvuja, ukatulia hata miezi, na dawa uliyotoa wakati huo ikapata sifa isiyo yake.

Zile dalili tatu za saratani ya figo tulizokaririshwa chuoni, maumivu ya ubavuni, damu na uvimbe unaoshikika, usizisubiri. Wanaokuja nazo zote hawafiki mmoja kati ya kumi, na mara nyingi hao wamechelewa.

Mkague na korodani (ndiyo, avue, hata akikuonea haya). Mishipa iliyovimba kushoto, iliyoanza ukubwani na haipungui akilala, inatia shaka, kwa sababu mshipa wa korodani ya upande huo humwaga damu kwenye mshipa wa figo, na uvimbe huweza kuuziba.

Pima presha na wingi wa damu. Kwenye fomu ya rufaa usiandike "damu kwenye mkojo" ukaishia hapo, itakaa chini ya rundo. Andika "nashuku saratani ya figo au kibofu", damu ilianza lini, ilirudi lini, anavuta sigara au la. Kama anameza aspirini itaje, ila usiisingizie kuwa ndiyo chanzo cha damu.

Aanzie kwetu kwa ultrasaundi. Tukiona kitu, aende hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Ikiwa safi na damu inaendelea, bado ataenda, kibofu kichunguliwe kwa kamera. Ongea na mwanawe mapema kuhusu gharama, maana ng'ombe hauzwi siku moja. Mwambie bila kumficha kwamba uvimbe ukiwa bado ndani ya figo, upasuaji huweza kumponya baba yake.

Jumanne niko zamu. Waniulizie wodi ya wanaume, waje na fomu yako na vipimo vyote vya zamani.

Wako,
Mla mchele