Uhakiki wa habari za tiba usiishie kwenye mhuri

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Pasua, Moshi. Kila Jumapili baada ya ibada majirani hupita kibarazani kwangu kupima presha kwa mashine aliyoninunulia mwanangu.

Mwaka jana ilisambaa WhatsApp sauti ya mtu akidai choya, kinywaji chekundu cha maua ya rosela, inatibu presha, ukinywa glasi tatu kwa siku unaachana na vidonge. Gazeti moja likaichunguza kwenye safu yake ya kuhakiki habari na kugonga mhuri mwekundu: UZUSHI. Chini yake aya mbili fupi, na daktari asiyetajwa jina wala fani akisema choya haihusiani kabisa na presha.

Jirani yangu, fundi seremala wa miaka 67, alikuwa ameshaanza kuinywa, huku amlodipini, kidonge chake cha presha, akiimeza kwa kurukaruka. Alikuja na daftari lake la vipimo vya mbao. Ukurasa wa nyuma ameandika 168/102, na chini yake, wiki tatu baadaye, 160/98. Akaliweka gazeti mezani, kidole juu ya mhuri.

"Sista, hawa wanasema haihusiani. Namba hizi umenisomea wewe mwenyewe. Sasa nani muongo?"

Nilibabaika. Presha hupanda na kushuka yenyewe, hilo nilimwambia. Lakini choya kweli hushusha presha kidogo. Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kilichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 65: waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa saba, na waliopewa kinywaji cha kufananisha tu ilishuka moja. Hao ni watu ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo na hawakuwa kwenye dawa. Mwenye 168 ukimtolea saba, bado yuko hatarini. Gazeti lingeandika hivyo tu: inashusha kidogo, haitoshi, usiache vidonge. Mzee angeelewa, maana anajua tofauti ya ubao uliopungua robo inchi na ubao uliopungua futi. Badala yake aliondoka akiamini kuna kitu kinafichwa, na vidonge akaviacha kabisa. Wiki sita baadaye kiharusi kilimkuta karakana, randa ikamponyoka.

Siwatetei wanaouza miujiza. Mwaka 2011 nilikuwa kazini watu wa hapa walipokodi magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba cha Sh500, na wodini nimewapokea waliorudi wakiwa wameacha dawa za kisukari. Wakati ule tuliwahitaji sana waandishi wa kuhakiki. Sasa tunao, na nafurahi. Ndiyo sababu inaniuma wakifanya kazi hii kwa haraka.

Anayeulizwa kuhusu presha awe daktari wa moyo, tena kwa jina, na msomaji aambiwe ushahidi umetoka kwa watu wangapi na wa namna gani. Tarehe nayo ionekane vizuri. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu mzima wa afya hana haja ya barakoa mitaani. Juni 5 mwaka huohuo likashauri barakoa za kitambaa kwenye misongamano. Uhakiki wa Machi aliousoma mtu Julai ulimpotosha, ingawa mwandishi hakudanganya. Na pale gazeti linapokosea, sahihisho likae ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule wa mhuri.

Gazeti lile nimeliandikia mara mbili. Habari bado iko mtandaoni na mhuri wake. Mzee anakuja kila Jumapili, anachechemea. Wiki iliyopita alikuwa 138/86. Vidonge anameza kila siku, na choya anakunywa pia, bila sukari. Daftari analileta, ila namba naandika mimi, kwa kuwa mkono wake wa kulia haushiki kalamu.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi