The Go-Go's hawakukusanywa na mtu

Mhariri,

Katika makala yenu ya Jumapili kuhusu muziki wa pop wa miaka ya 1980, bendi ya The Go-Go's ya Los Angeles imepewa aya moja tu. Inasema wasichana watano walikusanywa na kampuni ya muziki, wakapendwa kwa sura zao kwenye televisheni, kisha wakasambaratika kwa dawa za kulevya na magomvi ya kike. Kuhusu dawa sibishani nanyi, wenyewe wameshasimulia. Mengine si kweli, na naomba nafasi niyajibu.

Belinda Carlisle na Jane Wiedlin walikuwa vijana waliokesha kwenye maonyesho ya panki, roki ya kasi na isiyopambwa, mjini humo, na mwaka 1978 waliamua kuanzisha bendi kabla hata hawajajua kupiga sawasawa. Onyesho lao la kwanza lilikuwa The Masque, ukumbi uliokuwa chini ya jengo huko Hollywood. Charlotte Caffey alipojiunga alikuja na elimu yake ya kinanda na sikio linalojua wimbo mtamu unavyojengwa. Gina Schock, mpiga drams kutoka Baltimore, aliingia mwaka 1979 na kuwasimamia katika mazoezi ya kweli. Kathy Valentine wa Austin, Texas, alikuwa mpiga gitaa. Mwishoni mwa 1980 walipokwama bila mpiga besi, alijifunza nyimbo zao zote kwenye besi kwa siku chache na akapanda nao jukwaani kwenye klabu ya Whisky a Go Go ya Los Angeles. Sasa nionyesheni, ni kampuni gani hapo iliyokusanya watu?

Kampuni zilifanya kinyume. Mwaka 1980 bendi ilikwenda Uingereza kufungua maonyesho ya bendi za Madness na The Specials, na huko walirushiwa vitu na kutemewa mate na vijana wenye vichwa vilivyonyolewa. Walirudi nyumbani hawana fedha, lakini wakiwa bendi iliyoiva, na kumbi za Los Angeles zikaanza kujaa. Bado kampuni kubwa zilikataa kuwasaini, kwa hoja kwamba hakuna bendi ya wanawake watupu iliyowahi kuuza. Mimi ni mwanamke ninayepiga besi kwenye kumbi za hapa kwetu, na hadi leo fundi mitambo huniuliza mwenye gitaa amekwenda wapi, kwa hiyo hoja hiyo naijua vizuri. Aliyewachukua hatimaye ni Miles Copeland wa kampuni ndogo ya I.R.S., mwaka 1981.

Albamu ya Beauty and the Beat ilirekodiwa New York na mtayarishaji Richard Gottehrer. Aliwataka wapunguze kasi ili maneno na sauti visikike, na baadhi yao hawakuipenda kazi ilipokamilika, kwa sababu waliona panki yao imeoshwa ikawa pop. Naamini Gottehrer alikuwa sahihi. Sikilizeni We Got the Beat: drams za Schock zinaanza peke yake, na wimbo mzima unaegemea hapo. Caffey ndiye aliyeutunga. Our Lips Are Sealed nao ulitokana na maneno ambayo Terry Hall wa The Specials alimpelekea Wiedlin kwa barua, naye akaufanya wimbo.

Ni kweli MTV, televisheni ya video za muziki ya Marekani iliyoanza Agosti 1981, iliwasaidia. Lakini video ya Our Lips Are Sealed ilipigwa kwa masalia ya bajeti ya video za bendi ya The Police, wenyewe wakizunguka mjini kwenye gari la wazi na kuingia ndani ya chemchemi. Machi 1982, wakati wakiwafungulia The Police ziara yao, albamu ya wafunguzi iliipita ya wenye ziara. Ilishika namba 1 Marekani kwa wiki 6 na kuuza zaidi ya nakala milioni 2 huko. Kabla yao hakuna bendi ya wanawake waliotunga nyimbo zao na kupiga vyombo vyao wenyewe iliyowahi kufika pale. Jambo hilo halimo kabisa katika aya yenu, na ndilo lililoniuma zaidi.

Tuje kwenye kuvunjika. Mlichokiita magomvi ya kike kwa sehemu kubwa kilikuwa mgao. Mrabaha wa utunzi, yaani malipo ya kila wimbo unapouzwa au kupigwa, huenda kwa aliyeandika wimbo, si kwa kila aliyeupiga. Caffey, Wiedlin na Valentine walitunga sehemu kubwa, kwa hiyo watu waliolala basi moja na kufanya ziara ileile walijikuta na vipato vilivyopishana mbali. Albamu ya pili, Vacation, ilitengenezwa haraka mwaka uleule wa 1982 wakiwa wamechoka. Wakati wa albamu ya tatu, Talk Show, ya 1984, Wiedlin aliomba aimbe mwenyewe wimbo wake mmoja, akakataliwa. Akaondoka mwaka huohuo, na Mei 1985 bendi ikafa. Baadaye waliungana tena, na mwaka 2013 Valentine, akiwa ameondolewa kundini, aliwapeleka wenzake mahakamani kuhusu maslahi yake. Walipatana, na 2018 akarudi kundini.

Bendi ngapi za wanaume zimevunjwa na suala hilohilo la nani ameandika nini? Zikivunjika, magazeti huandika kuhusu mikataba na haki za utunzi. Hawa wakaandikiwa ugomvi.

Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll wa Cleveland humruhusu msanii kufikiriwa miaka 25 baada ya rekodi yake ya kwanza. Singo yao ya kwanza ilitoka 1980 kwa kampuni ya Stiff ya Uingereza, maana yake mlango ulikuwa wazi tangu 2005 au 2006. Waliingizwa 2021. Sitaki gazeti ninalolisoma kila wiki liwacheleweshe tena.

Naomba toleo lijalo lichapishe sahihisho, na majina yao matano yaandikwe pamoja na kazi ya kila mmoja: Carlisle sauti, Wiedlin gitaa, Caffey gitaa la solo na kinanda, Valentine besi, Schock drams.

Msomaji wenu,
Morogoro