Chumba cha mgeni wetu wa kiti cha magurudumu

Assalaam aleikum jamaa. Tunatafuta chumba cha chini Lamu mjini, karibu na barabara ya pwani. Kijiji cha Shela hapana, mchanga hunasa magurudumu.

Mkiambiwa "chumba cha chini kipo", msiridhike: ulizeni choo kiko wapi, kisije kikawa ghorofani, maana nyumba nyingi za kale ngazi zake ni za wima mno. Pimeni mlango wa chumba na wa choo, uwazi usipungue sentimita 80. Mlango wa pande mbili, fungueni zote ndipo mpime. Tumeni picha za daka (ukumbi wa mlangoni) na kizingiti.

Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha jirani, atavuka kwa boti. Maji yakipwa, ngazi za gati huwa nyingi na zateleza. Tupange avuke maji yamejaa. Tafadhalini, asibebwe kabla ya kuulizwa mwenyewe.