Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Ajira ya Meneja Mkuu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mmeshagawiwa na Mhazini atazisoma kifungu kwa kifungu, kwa hiyo mimi sitazigusa. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja lililokula vikao vingi vya Bodi, na ambalo najua limesemwa sana pembeni: ajira ya Meneja Mkuu wa kampuni yetu ya huduma za kihandisi.

Meneja aliyetangulia alituaga mwezi Februari. Alitoa notisi ya siku 28, kiwango cha chini cha sheria kwa anayelipwa kwa mwezi, na ndivyo mkataba tuliompa ulivyosema. Hatuna la kumlaumu. Kosa lilikuwa la Bodi, na mimi nikiwa mwenyekiti nalibeba. Alipoondoka tukagundua kwamba kampuni ilikuwa kichwani mwake na ndani ya simu yake. Wateja wa migodini Geita na wa viwanda vya samaki hapa Mwanza walikuwa wakipiga namba yake binafsi. Nenosiri la akaunti yetu ya NeST, ambako zabuni za serikali zinapita siku hizi, alikuwa nalo yeye peke yake. Kuna asubuhi nilikaa ofisini Nyakato na mhasibu, nyaraka zote za zabuni ya matengenezo ya pampu ziko mezani zimekamilika, tukashindwa kuingia kwenye mfumo mpaka muda ukaisha. Nyaraka zile bado ninazo kabatini.

Kwa miezi saba Mhandisi Mkuu wetu alikaimu. Namshukuru mbele yenu, maana mchana alikuwa anasaini vocha na kujibu barua, jioni ndipo anashuka karakana. Mtu mmoja hawezi kukaa viti viwili muda mrefu, na kazi zikaanza kuturudia.

Tulipotangaza nafasi, Bodi iligawanyika. Wengi, nami nikiwemo, tulitaka mhandisi bingwa, mwenye usajili wa juu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambaye mafundi wakimwona watanyamaza. Wachache walisema bingwa tunaye tayari, na anayekosekana ni mtu wa kuendesha biashara. Leo nakiri kwamba wachache ndio walioona mbali. Kampuni ya namna yetu hufa ikiwa na kazi tele. Ukishatoa ankara leo, asilimia 18 ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, wakati mteja mkubwa anaweza kukulipa baada ya siku 90. Katikati hapo kuna mishahara, michango ya hifadhi ya jamii NSSF, beringi za kununua kwa fedha taslimu na mafuta ya gari la Geita. Asiyeweza kuliona pengo hilo kabla halijafika ataturudisha benki kukopa kila robo mwaka, hata awe fundi wa namna gani.

Watatu waliobaki mwisho hatukuwasaili mezani tu. Tuliwapeleka karakana, mmoja mmoja, tukawaonyesha pampu ya mteja iliyokuwa imerudi mara mbili. Mara zote mbili tuliibadilishia beringi, na mara zote mbili ziliungua ndani ya wiki chache. Mwombaji wa kwanza aliinama, akaona beringi zimelika upande mmoja, akasema papo hapo kwamba shafti ya mota na ya pampu hazikunyooshwa sawasawa. Jibu sahihi kabisa. Wa pili alisema hivyohivyo, kwa maneno mengi zaidi. Wa tatu, mama mmoja aliyekaa miaka mingi kwenye matengenezo ya viwanda, naye aliiona hitilafu, lakini hakuishia hapo. Aliomba kadi ya kazi. Akauliza vipimo vya unyooshaji viliandikwa wapi, nani alisaini pampu itoke, na mteja aliambiwa nini mara ya kwanza. Kisha akauliza gharama ya marudio tumeiweka kwenye fungu gani la hesabu. Kadi ilikuwa na jina la mteja na tarehe, basi. Fungu halikuwepo. Tulitazamana wajumbe wote, na nadhani usaili ulikwisha pale.

Yeye ndiye Meneja Mkuu wetu tangu Oktoba. Mmoja wa wajumbe alikuwa na ndugu yake kati ya waombaji. Alitamka mapema na akatoka nje kila tulipojadili majina. Imeandikwa kwenye mihtasari, na yeyote anayetaka kuisoma aje ofisini.

Mshahara wake ni mkubwa kuliko wa yeyote aliyewahi kuajiriwa nasi. Wapo waliosema tungegawana gawio. Nawaelewa, hasa ninyi wazee mlioanza na mashine moja ya kuchomelea. Ila miezi ile saba ilitugharimu zaidi ya mshahara huo, na Mhazini atawaonyesha ukurasa. Mkataba ni wa muda maalumu wa miaka mitatu, miezi sita ya kwanza ikiwa ya majaribio. Baada ya majaribio notisi ni miezi mitatu kwa kila upande, pamoja na makabidhiano ya maandishi. Namba ya simu ya wateja sasa ni ya kampuni, na nywila zote ziko kwa watu wawili. Muhuri wa kihandisi na uamuzi wa kitaalamu vinabaki kwa Mhandisi Mkuu, ambaye Meneja hawezi kumlazimisha kupitisha kazi asiyoridhika nayo. Hilo Meneja mwenyewe ndiye aliyeomba liandikwe.

Bodi nayo imeachia kitu. Hatusaini tena kila vocha. Tunapitisha bajeti, tunasoma taarifa ya Meneja kila mwezi, tunamhoji.

Nina ombi moja kwenu. Tangu Oktoba amepokea wanachama kumi na mmoja waliomletea vijana wao wapewe kazi. Tafadhali tumwache. Kijana mwenye cheti cha VETA aandike barua kama wengine, apimwe kama wengine.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Bodi