Kwaresima na lumbesa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwasumbua, lakini ile habari ya wiki iliyopita, eti Wakatoliki wa siku hizi hatujui kujinyima, simu na biashara zimetuteka, imenikaa kooni. Mwandishi alimhoji nani? Hapa sokoni Uyole hatukumwona.

Nina miaka 63, nauza viazi. Sheria ya Kanisa ya kufunga ilishaniachia, maana inambana mtu tangu miaka 18 hadi anapotimiza 59, lakini Jumatano ya Majivu nilifunga, na Ijumaa nyama siigusi. Jumapili niko sokoni, kwa hiyo nasali Misa ya Jumamosi jioni, nayo inahesabika. Kinachonishinda ni jumuiya, kile kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Yetu husali Jumamosi alfajiri, saa ileile fuso zinapakia.

Mwezi uliopita nilikwenda kuomba barua ya mjukuu wangu ya Komunyo ya Kwanza. Mwenyekiti wa jumuiya akafungua daftari, akalamba kidole, akashuka nalo mstari kwa mstari: "Mama, hapa hukuwepo. Hapa hukuwepo. Na hapa." Barua hakutoa. Mtoto amesimama pale na viatu vya shule vimejaa matope, anaangalia chini kana kwamba kaiba. Sizibezi jumuiya, maaskofu wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walipozipa kipaumbele mwaka 1976 walijua wanachofanya, na mzee wangu alipofariki ndio walionipikia msiba mzima. Ila nani kazigeuza ofisi ya mahudhurio? Na huyohuyo mwenyekiti, Mhariri, akitoka kwenye sala anaingia mashambani kununua viazi kwa lumbesa! Gunia linajazwa kupita mdomo, linavikwa kilemba cha viazi juu, mpaka watu wanne wanaliinua kwa kuguna, na sheria ya vipimo inasema lisizidi kilo 100. Mkulima akinung'unika, anaambiwa ndivyo soko lilivyo. Kumbe kujinyima tumeachiwa wenye jembe!

Pendekezo langu: mizani ya magunia iwekwe mlangoni mwa kanisa, pembeni ya maji ya baraka, na daftari la jumuiya liongezewe safu ya kilo. Mwenye kilemba asisome somo la kwanza wala la pili mpaka akipunguze. Jumuiya nayo ije ikutane kibandani kwangu hiyohiyo Jumamosi alfajiri. Viti sina, magunia matupu yapo.

Muuza viazi,
Uyole, Mbeya