Kivuli na kingo kwenye picha yako ya muuza dagaa

Ujiji, Kigoma

Swahiba,

Salamu nyingi za huku kwetu. Picha yako ya muuza dagaa wa Kibirizi nimeifungua na kuikuza mpaka pikseli zikaonekana, na ninaipenda kiasi cha kutotaka ibaki ilivyo. Mwili una uwiano mzuri, na shingo ilivyojikaza inaonyesha uzito wa beseni. Kinachoiangusha ni kwamba kila kivuli umekilainisha kwa brashi ileile ya kupuliza, ndiyo maana shavu, beseni la bati na mikunjo ya kitenge vinaonekana kama vimefinyangwa kwa udongo mmoja.

Kabla ya kugusa brashi, amua jua liko wapi. Umeweka Ziwa Tanganyika nyuma yake, na rangi ulizotumia ni za jioni. Lakini huku jua huzama upande wa ziwa, kwenye milima ya Kongo, kwa hiyo jioni uso wake ungekuwa kivulini. Ukitaka uso upate mwanga, ifanye saa nne asubuhi: jua liko nyuma ya mtazamaji, limepanda nusu ya njia, na ukingo wa beseni unaangusha kivuli kwenye paji la uso. Chora mshale wa mwanga kwenye leya (tabaka la picha) ya juu kabisa, uufute mwishoni.

Sasa fungua leya mpya juu ya rangi bapa ya ngozi, ile isiyo na kivuli, uiweke kwenye modi ya maltiplai, inayotia giza rangi iliyo chini yake. Kwenye Krita, programu ya kuchorea, weka leya zote mbili katika kundi moja, kisha bonyeza alama ya alfa kwenye ile ya juu ili kivuli kisimwagike nje ya umbo. Chagua zambarau iliyofifia, si nyeusi. Nyeusi tupu huifanya ngozi ionekane ina masizi, kwa sababu hata kivulini kuna mwanga wa anga unaotia ubuluu. Chora kivuli chote kwa brashi ngumu, yenye ukingo mkali, opasiti (kiwango cha rangi kufunika kilicho chini) asilimia 100, kisha shusha opasiti ya leya yenyewe mpaka 60 au 70. Hapo picha iwe na sehemu mbili tu, mwanga na kivuli. Kama umbo halisomeki katika hali hiyo, kulainisha hakutalisaidia.

Kingo ndizo zinazotaka subira. Kivuli kinachoangushwa na kitu kingine huwa na ukingo mkali karibu na kitu hicho, kisha hulainika kadiri kinavyosafiri. Jua si nukta. Upana wake angani ni kama nusu digrii, kwa hiyo kwa kila mita 1 ya safari, ukingo wa kivuli hutawanyika karibu sentimita 1. Kutoka beseni hadi paji la uso ni kama sentimita 10, basi ukungu wa ukingo, yaani upana wa sehemu iliyolainika, ni milimita 1. Hadi kifuani, tuseme nusu mita, ni milimita 5. Ukichukulia uso wenye urefu wa sentimita 20 umeuchora kwa pikseli 600, hizo ni pikseli 3 kwenye paji na 15 kifuani. Wewe umeweka zaidi ya 60 kote, ndiyo maana beseni linaelea badala ya kukaa kichwani.

Kivuli kinacholetwa na umbo lenyewe kugeuka hufuata sheria nyingine: upana wa ukungu ni upana wa mzunguko. Shavu hugeuka polepole, lilainishe kwa brashi pana. Pembe ya taya na mfupa wa pua hugeuka ghafla, paguse kidogo tu. Mkunjo wa kitenge, unaoanzia pale nguo inapovutwa kwenye fundo, mara nyingi una upande mmoja mkali na mwingine laini. Maua ya kitenge yakae leya ya chini ya kivuli, nayo yapinde pamoja na mkunjo.

Kwenye ngozi nyeusi, umbo hubebwa sana na mng'ao. Usiupake mweupe tupu. Mng'ao wa shavu lililo kivulini huchukua buluu ya anga, na chini ya kidevu pana wekundu unaorudi kutoka ardhini. Mwanga huo wa kurudi usifikie sehemu iliyofifia kuliko zote upande wa jua. Ukizidi, kivuli chote kinavunjika.

Bega la kushoto limekutana na ubavu wa mtumbwi, vyote vya giza, nawe umelizungushia mstari wa mwanga ili lionekane. Uondoe. Acha bega lizame kwenye mtumbwi, jicho la mtazamaji litalimalizia lenyewe. Ukali mkubwa uubakize machoni na kwenye mdomo wa beseni.

Kukagua, jaza leya ya juu kijivu katika modi ya rangi, uone kama mwanga na kivuli vinatengana bila rangi, kisha geuza turubai kama kwenye kioo kwa herufi M.

Ukimaliza paji la uso na beseni, usiendelee na kitenge kwanza. Nitumie faili lenye leya zake, si JPEG, maana ule mgandamizo huacha vumbi kwenye kingo kali, nami ndizo ninazotaka kuziona.

Wako,
Swahiba wako wa Ujiji