Kumwambia mzazi "subiri tu ataongea" sio ushauri

Mhariri, naomba nafasi niongelee ushauri ambao kila mzazi mwenye mtoto anayechelewa kuongea anaupata kutoka kwa kila mtu, yani wewe subiri tu ataongea, mbona mjomba wake aliongea na miaka minne na leo anafanya kazi yake vizuri. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na watoto waliosubiriwa hivyo ndo wanaokuja darasani kwangu, wana miaka minne au mitano, wengine hawajawahi kupimwa masikio hata mara moja, na mzazi ananiambia anaamini shule itamfungua mdomo.

Wanaosema hivyo wana nia njema na kuna ukweli ndani yake pia. Watoto hawalingani, yupo wa miezi 10 anasema mama na yupo wa miezi 15 ndo anaanza, na wote wazima kabisa, na hata wale wa miaka miwili wenye maneno machache wengi wanakuja kuwafikia wenzao. Wengi, sio wote. Na mtoto akiwa na umri huo hakuna mtu, awe bibi awe daktari, anayeweza kumtazama tu akajua huyu atafika mwenyewe na yule atahitaji msaada, kwa hiyo anayesubiri anabahatisha, na anabahatisha na miaka ile ambayo ubongo wa mtoto unashika lugha kwa urahisi zaidi.

Kingine ni kwamba tunahesabu maneno tu wakati lugha inaanza kabla ya maneno. Mtoto anatakiwa awe anatoa zile sauti za ba-ba-ba na ma-ma-ma kabla hajatimiza mwaka, ageuke ukimwita jina, apunge mkono, anyooshe kidole kuonyesha kitu halafu akutazame kuhakikisha na wewe umekiona, hicho kidole kwangu ni kitu kikubwa sana maana hapo ameshaanza mazungumzo. Kwa hiyo akifika miezi 12 hatoi sauti hizo wala haonyeshi kitu, au miezi 16 hana neno hata moja, au miaka miwili haunganishi maneno mawili yake mwenyewe kama "mama njoo", mpeleke akaangaliwe. Na angalia anaelewa nini, mtoto asiyeongea lakini ukimwambia lete kiatu bila kumwonyesha kwa mkono analeta, huyo hayuko sawa na asiyeongea na pia haelewi, huyu wa pili asisubirishwe hata kidogo. Na aliyekuwa na maneno yakapotea, umri wowote ule, nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Sasa masikio. Hapa wazazi wengi wananibishia, mwalimu mbona anasikia, mlango ukibamizwa anashtuka! Kushtuka kwa mlango hakutoshi jamani. Mtoto anaweza kusikia kishindo na asizisikie vizuri sauti nyembamba kama s na f na sh, kwa hiyo maneno yanamfikia vipande vipande, na anajifunza kufuata macho yako na mkono wako mpaka nyumba nzima inaamini anasikia kila kitu. Wengine wanajaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, hawaumwi wala hawana homa, ila wanasikia kama mtu aliyezama kwenye maji, leo vizuri kesho vibaya, halafu tunasema mkaidi. Usikivu unapimwa hata kwa mtoto mchanga aliyelala, hahitaji kujibu chochote, na wataalamu wanashauri mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu na msaada uanze kabla ya miezi sita. Linganisha na huyu mwanafunzi wangu wa miaka mitano ambaye hajawahi kupimwa.

Visingizio vipo vingi. Lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto, hesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja, na tafadhali msimnyang'anye lugha ya bibi yake kwa sababu hiyo. Udata, yani ulimi kushikwa na utando mfupi chini yake, unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi ila haumfanyi mtoto akose maneno, kukata hapo chini ya ulimi hakumpi lugha. Eti ni wa kiume, ndio wavulana wanachelewa kidogo, kidogo tu, sio miaka miwili.

Na televisheni haifundishi kuongea. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwaletea watoto wa miezi 9 sauti za Kichina, waliocheza na mtu mwenyewe wakazishika, waliotazama video za watu walewale hawakushika kitu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 lilisema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini. Mtoto anahitaji mtu wa kupokezana naye, umwambie, unyamaze umpe muda, akisema "gari" wewe useme "gari kubwa".

Najua wengine hawaendi kupima kwa sababu wanaogopa kuambiwa mtoto ana usonji (autism), na hofu hiyo naielewa kabisa, lakini kutokwenda hakubadilishi kitu kwa mtoto, na msaada wa lugha unaweza kuanza hata kabla jina la tatizo halijajulikana.

Kwa hiyo mhariri naomba ukurasa wenu wa afya uchapishe dalili hizi mara kwa mara, na wauguzi wa kliniki za watoto, mnapompima uzito mtoto muulizeni na mama anaonyesha kidole, anageuka akiitwa, ana maneno gani. Mzazi ambaye hana mtaalamu wa usemi karibu aanze na kipimo cha masikio, na aende na orodha ya maneno ambayo mtoto anayasema na anayoyaelewa, ameiandika kwenye karatasi, maana mtoto akifika mbele ya daktari mara nyingi ananyamaza kimya.

Mwalimu wa chekechea